Paul Chambers, na namna ya kumsikia mpiga besi

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi napiga gitaa la besi kwenye bendi ya dansi hapa Morogoro, na Jumapili napigia kwaya kanisani. Rafiki yangu alinitumia nyimbo za wanajazi wa Marekani, mpiga tarumbeta Miles Davis na mpiga saksafoni John Coltrane, akasema nimsikilize mpiga besi wao, Paul Chambers, eti hakuna kama yeye. Nimesikiliza kwenye simu wiki nzima. Tarumbeta naisikia, saksafoni naisikia, lakini huyo Chambers sioni anachofanya zaidi ya dum dum dum dum. Anasifiwa kwa lipi hasa? Alikuwa mtu gani? Na sisi wa dansi tuna la kujifunza kwake?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nitakujibu kwa urefu, maana huyu ni mtu niliyemsikiliza tangu ujanani na mpaka leo sijamchoka.

Kwanza simu. Uzi mnene wa besi ukipigwa wazi, yaani E ya chini kabisa, hutetema kama mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo ya simu haina uwezo wa kutoa sauti ya chini kiasi hicho. Inakupa mkwaruzo wa kidole na sehemu ya juu ya noti tu, kisha masikio yako yanajazia yaliyobaki kwa kukisia. Kwa hiyo hukuwa umemsikia Chambers bado. Tafuta spika za masikioni zenye besi nzuri, au fanya hivi: siku ya mazoezi fika mapema, ichomeke simu kwenye amplifaya yako mwenyewe ya besi, uweke wimbo unaoitwa "So What". Halafu uyasome haya yanayofuata.

Sasa ujue alishika chombo gani. Ni besi ya kusimama, ya mbao, ile kubwa kuliko mwenyewe anayeipiga. Kama umewahi kuwaona Culture Musical Club wa Zanzibar, umeiona imesimama nyuma ya fidla na kanuni. Nyuzi zake zina majina yaleyale ya nyuzi zako: E, A, D, G, tena kwa urefu uleule wa sauti. Kazi ndiyo tofauti. Gitaa lako lina freti, vile vijiti vya chuma shingoni; besi ile haina, kila noti unaitafuta kwa kidole na sikio. Uzi wako una urefu wa kama sentimita 86. Wa kwake unapita mita moja. Upande wa chini wa shingo, wewe ukinyoosha vidole vinne unafunika freti nne bila taabu. Yeye kutoka kidole cha kwanza hadi cha mwisho anapata sauti moja nzima tu, yaani umbali wa freti mbili kwako, baada ya hapo lazima mkono wote uhame. Na wakati ule nyuzi nyingi zilikuwa za utumbo wa mnyama, si za chuma. Sauti ya utumbo ni nene, ya joto, lakini inakufa upesi, na kuifanya ilie kwa nguvu kunataka kidole kilichokomaa.

Hapo ndipo sifa yake ya kwanza ilipo. Noti ya Chambers hairudi nyuma ikishapigwa. Inatoka imejaa, inakaa mpaka mlangoni pa noti inayofuata, ndipo inampisha mwenzake. Sikiliza mwanya kati ya noti na noti: karibu haupo. Wapiga besi wengi wa zama zake walikuwa na mwendo sahihi lakini noti fupi, kila moja imesimama peke yake. Yeye noti zake zinashikana mikono, na juu ya mshikamano huo mpiga tarumbeta anaweza kunyamaza vipimo viwili vizima, yaani mapigo manane, bila wimbo kutoboka. Miles Davis alikuwa bingwa wa kunyamaza. Mtu hawezi kunyamaza hivyo kama nyuma yake pana mashimo.

Tuje kwenye dum dum dum dum. Ulichokisikia ndicho wenyewe wanakiita kutembea: noti moja katika kila pigo, mapigo manne kwa kipimo, wimbo mzima. Sisi wa dansi tumelelewa kwenye besi ya msemo, unaingia, unaacha pengo, unarudi palepale. Kwa hiyo besi inayotembea masikioni mwetu huonekana ya kawaida mno, kama vile haijapangwa. Ukweli ni kwamba mpiga besi wa jazi hapewi besi iliyoandikwa. Anapewa mlolongo wa kodi, yaani mafungu ya noti zinazolia pamoja, na njia ya kupita kati yake anaichagua papo hapo, pigo kwa pigo, huku mwenye solo naye akibuni yake.

Chukua gitaa lako ujaribu. Uko kwenye C kwa kipimo kimoja na kipimo kinachofuata ni F. Pigo la kwanza weka C, ili watu wajue mko wapi. Pigo la nne usiliweke ovyo: liweke nusu sauti, yaani freti moja, chini ya F, au nusu sauti juu yake. Sikio la msikilizaji litavutwa, litataka F kabla F haijafika. Katikati una mapigo mawili ya kuamua unapandaje au unashukaje. Huo ndio msingi, na kila mpiga besi wa jazi anaujua. Chambers alichozidi ni kwamba haoni kodi moja moja. Anauona mstari wa vipimo vinane mbele yake. Ataanza kupanda kutoka chini taratibu, hakurupuki, na atafika juu kabisa hasa pale mwenye solo naye anapofika juu. Halafu anashuka kwa upande mwingine. Kila noti yake ina mahali inakokwenda. Siku utakapolisikia hilo, mwanangu, utashangaa ulikuwa unasikiliza nini wiki nzima.

Kuhusu alikuwa nani. Alizaliwa Pittsburgh, Pennsylvania, tarehe 22 Aprili 1935. Mama yake alipofariki alikulia Detroit, mji wa viwanda vya magari ambao watu weusi wengi kutoka kusini mwa Marekani walihamia kutafuta kazi, na ambao shule zake za serikali zilifundisha muziki kwa dhati. Alianza na vyombo vya kupuliza, baritoni kisha tuba, ndipo akahamia besi mwishoni mwa miaka ya 1940. Alipata mafunzo ya upinde kwa njia ya muziki wa okestra, na alipitia Cass Technical High School, shule iliyotoa wanamuziki wengi mno wa jazi. Ron Carter, aliyekuja kukaa kwenye nafasi ya Chambers kwa Miles mwaka 1963, alisoma hapohapo Cass. Shule moja ya serikali, wapiga besi wawili wa namna hiyo wakifuatana kwenye bendi moja. Hili huwa nawaambia wanaodhani kipaji hakihitaji mwalimu wala chombo cha shule.

Mwaka 1955 alikwenda New York, na kabla mwaka haujaisha alikuwa na Miles Davis. Alikuwa na miaka 20. Wenzake kwenye bendi ile, Miles mwenyewe, John Coltrane, Red Garland kwenye piano na Philly Joe Jones kwenye drams, wote walikuwa wanakaribia 30 au wameshaivuka. Hebu fikiria: kijana mdogo kuliko wote ndiye aliyepewa kushika ardhi. Tena nyuma yake kulikuwa na Philly Joe, mpiga drams mwenye moto, anayependa kuchokoza mapigo na kuyapindua. Chambers hakugombana naye. Philly Joe anapokwenda mbali, besi inabaki mahali pake, na unaweza kuhesabu kwayo tu.

Mwaka 1956 bendi hiyo iliingia studio siku mbili, tarehe 11 Mei na 26 Oktoba, ikarekodi nyimbo za kutosha kujaza santuri nne za lebo ya Prestige, kwa sababu Miles alikuwa anamalizia mkataba wake aende lebo ya Columbia. Studio yenyewe ilikuwa sebule ya nyumba ya wazazi wa fundi mitambo Rudy Van Gelder, Hackensack, New Jersey. Nyimbo nyingi zilipigwa mara moja tu zikachukuliwa hivyohivyo. Zitafute santuri hizo: "Cookin'", "Relaxin'", "Workin'" na "Steamin'". Ukitaka kujua bendi iliyoshibana inasikikaje, anza na "Relaxin'", nyimbo za mwendo wa katikati. Chambers kwenye mwendo wa katikati ni raha tupu.

Chambers alikaa na Miles mpaka mwisho wa 1962. Wapiga piano walipita, Garland, Bill Evans, Wynton Kelly. Philly Joe aliondoka, akaja Jimmy Cobb. Wapiga saksafoni walipishana mlangoni. Besi ilikuwa ileile. Watu wakizungumzia muziki wa Miles wa miaka hiyo hutaja tarumbeta na jinsi mtindo ulivyobadilika mara kwa mara. Mimi huwa nasema kilichomruhusu Miles kubadilika ni kwamba kulikuwa na mtu mmoja asiyebadilishwa.

Twende kwenye "So What" sasa, maana hii ndiyo nitakayokushika nayo mkono. Imo kwenye santuri ya "Kind of Blue", iliyorekodiwa New York mwaka 1959 kwenye studio ya Columbia ya mtaa wa 30, jengo lililokuwa kanisa. Inaanza na piano na besi peke yao, bila mwendo maalumu, wanatafutana. Kisha Chambers anaanza kitu ambacho kwa kawaida angepewa mwenye tarumbeta: yeye ndiye anayeimba wimbo. Besi inasema sentensi, wengine wanamjibu kwa kodi mbili tu. Anasema tena, wanajibu. Wewe unayepigia kwaya unaijua hii vizuri kuliko nitakavyoeleza: kiongozi na waitikiaji. Ila hapa kiongozi ni besi.

Hesabu vipimo. Vinane, halafu vinane vilevile tena. Halafu wimbo mzima unapanda nusu sauti kwa vipimo vinane. Halafu unashuka ulipotoka kwa vinane vya mwisho. Jumla 32, na kwa hizo 32 kuna ngazi mbili tu za sauti, ni kama kodi mbili kwa wimbo mzima. Miles anapoanza solo utasikia simbali ya Jimmy Cobb inalipuka, na hapohapo Chambers anaacha sentensi yake anaanza kutembea.

Ukikiangalia juujuu, kodi mbili ni kazi rahisi. Kwa mpiga besi ni mtihani mgumu kuliko kodi ishirini. Kodi nyingi zinakupa cha kufanya; kila kipimo kina mlango mpya wa kuuendea. Hapa hakuna mlango. Tena mzunguko unapoisha na mwingine kuanza, vile vinane vya mwisho vinaungana na kumi na sita vya mwanzo, unajikuta na vipimo 24 mahali palepale, mapigo 96, na bado unatakiwa utembee na usirudie ulichosema. Mpiga besi wa kawaida atazunguka kama mtu aliyepotea. Msikilize Chambers: anakaa chini kwa vipimo kadhaa, anarudia noti moja mara mbili kwa makusudi ili uzito uongezeke, kisha anaanza kupanda, na ule upandaji wake unakuandaa kwa badiliko ambalo bado liko mbali. Linapofika lile badiliko la nusu sauti, hashangai mtu. Kila mwenye solo anaingia akijua mlango uko wapi, kwa sababu besi imeshamfungulia.

Kipindi cha pili cha kurekodi santuri ile kilikuwa tarehe 22 Aprili 1959. Rudi juu uangalie tarehe ya kuzaliwa kwake. Siku anatimiza miaka 24 Paul Chambers alikuwa studio akipiga "All Blues". Na wimbo huo, ndugu yangu wa dansi, ni wako kabisa, kwa sababu besi yake haitembei. Ni msemo mmoja unaobembea katika sita, unajirudia karibu muda wote, na wimbo una zaidi ya dakika 11. Anauacha mahali pachache tu kodi zinapomlazimu, kisha anarudi. Sikiliza kama anaharakisha. Sikiliza kama anachoka, au anaanza kuweka vikorombwezo kwa kuwa ameona watu wa mbele wanapata sifa. Hakuna. Dakika ya kumi noti zina unene uleule wa dakika ya kwanza. Miaka 24!

Mzee aliyenifundisha besi, Dar es Salaam, alinianzishia "All Blues" kwenye kaseti iliyokwisha kulegea. Sikuruhusiwa kugusa gitaa. Alinikalisha mbele ya redio akaniambia niimbe besi kwa mdomo tangu mwanzo hadi mwisho, nisifuate tarumbeta. Dakika ya nne au ya tano nilikuwa nimeshavutwa na saksafoni, naimba yake bila kujijua, na mzee anasimamisha kaseti, anairudisha mwanzo, hasemi kitu. Alikuwa mpole lakini kwa hilo hakuwa na huruma. Alikuwa na santuri chache mno za jazi ya Marekani, na karibu zote, nilikuja kugundua baadaye, zilikuwa na Chambers. Hakuzichagua kwa jina lake. Enzi zile, kuanzia 1955 hadi mwanzoni mwa miaka ya 60, ukinunua santuri ya jazi ya New York bila kuangalia nyuma, uwezekano wa kumkuta yeye ulikuwa mkubwa. Yumo kwenye "Tenor Madness" ya Sonny Rollins, "Blue Train" ya Coltrane, "Cool Struttin'" ya Sonny Clark, "The Blues and the Abstract Truth" ya Oliver Nelson. Viongozi tofauti, lebo tofauti, na wote walimpigia simu mtu mmoja.

Umeuliza alikuwa mtu gani. Nitakujibu kwa nyimbo alizotungiwa. Wanamuziki hawana desturi ya kumtungia wimbo mpiga besi wao. Sonny Rollins alimtungia "Paul's Pal". Tommy Flanagan, mpiga piano aliyetoka Detroit kama yeye, alitunga "Big Paul". Coltrane alitunga "Mr. P.C.", na hiyo ndiyo inayopigwa mpaka leo kila mahali vijana wanapojifunza jazi. Na nyimbo zote hizo tatu zina rekodi ambazo besi anapiga yeye mwenyewe. Kwangu hizo ni kumbukumbu zenye uzito kuliko hotuba. Watu waliosimama mbele yake usiku baada ya usiku walitaka jina lake libaki.

"Mr. P.C." ilirekodiwa Mei 1959 kwa ajili ya santuri ya Coltrane, "Giant Steps", chini ya wiki mbili baada ya ile siku ya "All Blues". Itegee sikio vizuri tofauti hii. Siku ile alibembea mahali pamoja kwa dakika 11. Hapa ni bluzi ya vipimo 12 kwenye C ya huzuni (C minor), mwendo wa kasi kweli, zaidi ya noti nne kila sekunde, kwa karibu dakika saba, kwenye besi ya mbao isiyo na freti. Na santuri hiyohiyo ndiyo yenye wimbo wenyewe wa "Giant Steps", ambao kodi zake zinaruka mbali na kubadilika haraka hivi kwamba wapiga piano hodari wamejikwaa. Chambers anatembea ndani yake kama kawaida yake. Ukimaliza, sikiliza "Naima" humohumo: anashikilia noti moja chini wakati kodi zinabadilika juu yake, na noti ileile kila kodi inapopita inapata rangi mpya. Mtu mmoja, mwaka mmoja, kazi tatu zisizofanana, na zote tatu zimekuwa shule.

Kuna jambo jingine ambalo spika ya simu pengine ilikuonyesha ukadhani ni fidla iliyoharibika: upinde. Wapiga besi wa jazi kabla yake wachache waliutumia kwa solo. Slam Stewart alikuwa maarufu kwa kupiga kwa upinde huku akiimba pamoja nao. Chambers alichukua upinde akapiga nao misemo ya haraka ya bibopu, ule mtindo wa jazi wa kasi, misemo ambayo saksafoni ndiyo inaipiga, kwa mikwaruzo mifupi mifupi. Wapo wasioupenda upinde wake. Wanasema unakwaruza, na sauti mara nyingine haikai sawasawa. Ni kweli zipo noti zilizoteleza; kwa kasi ile, kwenye shingo isiyo na freti, upinde haukufichii kitu. Lakini mimi nazipenda solo hizo. Ndani yake unamsikia akifikiri kwa lugha ya saksafoni, na ndiyo maana hata anapotembea, mstari wake una sura ya kuimbika. Ukitaka upinde wake ukiwa mtulivu, tafuta "Yesterdays" kwenye santuri yake mwenyewe "Bass on Top", ya lebo ya Blue Note, 1957, akiwa na Hank Jones kwenye piano, Kenny Burrell kwenye gitaa na Art Taylor kwenye drams. Hakuna wa kupuliza hata mmoja. Besi ndiyo bibi arusi.

Mwisho wake unauma. Pombe na heroini zilimkamata mapema, kama zilivyowakamata wenzake wengi wa bendi zile. Baada ya kuachana na Miles alibaki na Wynton Kelly na Jimmy Cobb, watatu walewale, wakafanya kazi nzuri sana. Mwaka 1965 walipiga na mpiga gitaa Wes Montgomery "Smokin' at the Half Note", na kama unapenda gitaa la solo la dansi, hiyo itakufaa kuliko zote. Lakini mwili ulikuwa unaisha. Mwishoni mwa 1968 alilazwa, ikaonekana ni kifua kikuu. Alifariki New York tarehe 4 Januari 1969. Alikuwa na miaka 33.

Hili sipendi kulipita haraka. Jimmy Blanton, kijana aliyefungua njia ya besi ya jazi akiwa na Duke Ellington, naye alikufa kwa kifua kikuu, mwaka 1942, akiwa na miaka 23. Wakati wa Blanton dawa haikuwepo. Wakati wa Chambers dawa ilikuwa imeshapatikana zaidi ya miaka 20. Kilichomuua ni ugonjwa unaotibika kuukuta mwili uliokwisha kuchoshwa na ulevi na kazi ya usiku. Ninyi mnaopiga mpaka alfajiri, kwenye kumbi zilizofungwa na moshi, mnajua ninachokisema. Kikohozi kikipita wiki mbili, mtu aende akapime. Zahanati zetu zinapima na kutibu kifua kikuu bila malipo.

Sasa lako la tatu: dansi ina la kujifunza? Sitaki uache msemo wako uanze kutembea katikati ya wimbo wa rumba. Kiongozi wa bendi atakufukuza na atakuwa na haki. Chukua mambo mengine kwake. Chukua urefu wa noti. Rekodi mazoezi yenu, usikilize besi yako tu, uone noti zako zinakufa wapi. Mara nyingi mkono wa kushoto unaachia uzi mapema kuliko unavyodhani. Chukua ile noti ya mwisho kabla kodi haijabadilika: hata ndani ya msemo wa dansi kuna pigo moja la mwisho unaloweza kulipeleka nusu sauti kuelekea unakokwenda, na waimbaji wataingia kwa uhakika zaidi bila kujua ni nini kimebadilika. Kwenye kwaya ndiyo utaliona upesi, hasa sauti ya nne, wale wazee wanaotafuta noti yao ya kuingilia. Wape noti hiyo mapema.

Na chukua uvumilivu wa "All Blues" kwa ajili ya sebene. Sebene ikichanganya, gitaa la solo limepanda, watu wameinuka, ndipo mpiga besi hutamani kuonekana na yeye. Kaa kwenye msemo wako.

Mpangilio wa kusikiliza ninaokupa ni huu: "All Blues" kwanza, uimbe besi yote kwa mdomo, dakika zote. Kisha "So What", uhesabu vipimo kwa vidole mpaka uweze kusema badiliko linakuja kabla halijafika. Kisha "Mr. P.C.", na hapo sasa shika gitaa, upunguze kasi kwa programu ya simu hadi nusu, uchukue mizunguko miwili tu ya vipimo 12 wakati Coltrane yuko kwenye solo, uinakili noti kwa noti. Iandike karatasini, hata kwa do re mi kama ndiyo unayoitumia kwaya. Halafu zungushia duara kila pigo la nne, ulitazame linaelekea wapi. Kazi hiyo itakuchukua muda. Ukiimaliza nipigie picha ya karatasi unitumie, nitakuonyesha mahali ambapo mimi mwenyewe ningechagua njia nyingine, na kwa nini ya kwake ni bora.